Vifungo vya Koti

Alhamisi saa tatu za usiku lifti yetu hupumzika.
Jengo lina ghorofa tisa, hapa Kutaisi,
na lifti hula sarafu: tetri kumi kupanda,
kushuka ni bure, kama ilivyo kawaida ya dunia.
Alhamisi hapandi mtu, hashuki mtu.
Tumejazana kwa Tsiala, ghorofa ya nne,
mbele ya runinga aliyotumiwa na bintiye
anayelea wazee wa watu kule Bari.
Kila mtu na kigoda chake, na mbegu za alizeti,
tukimtazama mpelelezi Levani akimenya njama,
na ndani ya njama, njama.

Otari, fundi wa malori enzi za kiwanda,
hujipiga goti: "Nilijua! Waziri ndiye!"
Hakujua. Wiki iliyopita alimwapia daktari.
Mzia hujifunika mto usoni:
"Amekufa? Niambieni, amekufa?"
Kijana Data kachora mishale nyuma ya kalenda.
Hata mbwa wa rais ana mshale wake.

Sehemu ya sita, Levani akapigwa risasi darajani.
Mwili kwenye theluji, kifudifudi.
Mzia alilia. Otari aliwatukana watunzi,
na mama zao, na shirika la umeme.
Tsiala, miaka arobaini mshona makoti,
akakata uzi kwa meno:
"Huyo siye. Tazameni vifungo.
Hivyo vimeshonwa msalaba. Vya Levani
ni mistari miwili, sambamba.
Mtu hubadili jina, hubadili sura.
Fundi wake habadili."

Tukamcheka.

Sehemu ya kumi, mlango wa monasteri ukafunguka,
akaingia Levani, ndevu hadi kifuani, mzima.
Mbegu ziliruka. Otari alikumbatia jokofu.
Runinga ikaendelea kusema peke yake,
maana sote tulikuwa tukimtazama Tsiala.

Tangu hapo hatukupata raha.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo zetu zote zimepita mikononi mwake.
Mzia alimpelekea shati la mumewe, alisome.
Data alipeleka glovu moja ya msichana wa ngazi ya pili.
Naye Otari akauliza, mbele ya watu,
mbona kisanduku cha lifti kila mwezi
kinazidi kuwa chepesi?

Mashaka yakishaingia jengoni
hayalipi sarafu; yanapanda tu.

Ufunguo wa kisanduku ninao mimi.
Jumapili nafungua, nahesabu, naandika daftarini.
Njama yangu ni ndogo, haina waziri wala daraja,
haipigiwi muziki chini kwa chini.
Ishirini hapa, thelathini pale.
Mkate. Dawa ya kikohozi.
Mara moja, naungama, keki.

Jana ilikuwa sehemu ya mwisho.
Aliyeandika barua zote zile
ni karani wa kubeba chai,
ambaye kamera ilimpita mara kumi na moja.
"Yule?" Otari alisimama. "Yule hata jina hana!"
Mzia alisema ameibiwa majira mazima ya baridi.
Data aliichana kalenda; chai haikuwa na mshale.
Nami nikasema, lo, sikutegemea,
na sauti yangu ilichelewa kidogo nyuma ya midomo,
kama filamu iliyotafsiriwa vibaya.

Mlangoni Tsiala alinishika mkono wa koti.
"Mfuko wako wa kulia," alisema,
"umeshuka kuliko wa kushoto.
Lete Jumatatu nikutilie bitana mpya."
Basi. Hakuongeza.
Labda alitabasamu; taa ya ukumbini iliungua zamani,
na fedha ya balbu
nayo ilitakiwa itoke kisanduku kile kile.

Lifti ilikuwa wazi, inaningoja.
Nilipanda kwa ngazi hadi ya nane,
na kila mlango nyuma yake watu bado wanabishana
nani alijua, nani alijifanya hajui,
mimi mkono mfukoni,
nimezishika zisilie.